Kwa nini kifo cha Mfalme Humayun kilifichwa, na mwanawe alinusurika vipi?

Swali: "Shikamoo mzee wangu. Nafundisha historia sekondari hapa Tanga. Mwanafunzi wangu mmoja amesoma kwamba Humayun, mfalme wa Wamughal wa India, alianguka ngazini akafa, na watu wa ikulu wakamvisha mtu mwingine nguo zake ili raia wadhani mfalme yu hai. Darasa zima lilicheka, likasema hiyo ni hekaya. Je, ni kweli? Alianguka mwenyewe au alisukumwa? Na ilikuwaje mtoto wa miaka 13 asinyang'anywe kiti?"

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mwambie mwanafunzi wako asimame imara. Alichosoma ni kweli, pamoja na hilo la kuvishwa mtu nguo za marehemu. Tunalijua kutoka kwa mtu aliyekuwapo Delhi siku zile, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe ndiye aliyetoa shauri la kuficha. Nitamfikia. Ila katika maswali yako matatu, la mwisho ndilo zito zaidi, na mara nyingi hujibiwa kwa haraka mno: mtoto alikuwa na bahati, mtoto alikuwa na mlezi hodari, basi. Bahati ilikuwapo na mlezi alikuwapo. Lakini jambo kubwa kuliko yote mawili lilishafanyika kabla Humayun hajaikanyaga ngazi ile, na alilifanya yeye mwenyewe kwa moyo mzito.

Kwanza huko kuanguka. Humayun alizaliwa Kabul mwaka 1508, mtoto mkubwa wa Babur, mwasisi wa dola. Alirithi kiti mwaka 1530. Sher Shah Suri, jemadari wa Kiafghani, akampiga Chausa mwaka 1539, akampiga tena Kannauj mwaka 1540 na kumfukuza India. Akatangatanga Sindh na jangwani, akaomba hifadhi kwa Shah Tahmasp wa Uajemi, akarudi na askari wa Kiajemi kuichukua Kandahar na Kabul mwaka 1545. Delhi hakuingia tena mpaka Julai 1555, na uhai uliombakia hapo ulikuwa wa miezi sita tu.

Tarehe 24 Januari 1556 ilikuwa Ijumaa. Humayun alikuwa juu ya paa la maktaba yake, ndani ya ngome ambayo leo inaitwa Purana Qila, pembezoni mwa mto Yamuna. Jengo lenyewe bado lipo: la pembe nane, ghorofa mbili, limejengwa kwa mawe mekundu, nalo linaitwa Sher Mandal kwa jina la yule yule Sher Shah aliyemfukuza. Alikuwa amepanda kuzungumza na watu waliorudi kutoka Hijazi, kusikiliza habari za Gujarat na Kabul, na kujitokeza kwa watu waliokusanyika msikitini chini. Aliwaita pia wanafalaki, maana sayari ya Zuhura ilitarajiwa kuonekana, na yeye mambo ya nyota aliyapenda kuliko karibu kila kitu. Alitaka saa hiyo njema itumike kuwapandisha vyeo maofisa wake.

Jioni ikaingia, akaanza kushuka. Alipofika kipandio cha pili, mwadhini akaadhini. Desturi yake ilikuwa kupiga magoti popote anapoisikia adhana. Akataka kukaa pale pale ngazini. Ngazi ni za mwinuko mkali, mawe yanateleza, na alikuwa amevaa joho refu la baridi. Mguu ukanasa kwenye pindo, fimbo ikateleza, akaporomoka kichwa mbele. Aliumia upande wa kulia wa paji, na damu kidogo ikatoka sikio la kulia. Aliwahi kutuma salamu kwa mwanawe aliyekuwa Punjab, kisha akapoteza fahamu. Siku chache tu baadaye akafariki, akiwa na umri wa miaka 47.

Watu wa pwani wanaoijua hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ina thamani ya namba, watapenda hili. Mshairi Qasim Kahi alitunga tarehe ya msiba kwa maneno ya Kiajemi, "Humayun padshah az bam uftad", yaani Mfalme Humayun alianguka kutoka paani. Ukizijumlisha herufi unapata 962. Mwaka wenyewe wa Hijria ulikuwa 963. Pungufu ya mmoja, lakini mstari ulikuwa mzuri mno kuachwa, na watu wakaendelea kuukariri.

Alisukumwa? Hapana, na sisemi hivyo kwa kuwaamini tu waandishi wa ikulu. Tuna masimulizi ya pande mbili zisizotegemeana, ya wanahistoria wa Kimughal na ya mgeni wa Kituruki, na yote yanakubaliana juu ya adhana, magoti na ngazi. Tazama pia nani angefaidika. Mwenye kumwua mfalme huwa ameshapanga la kufanya kesho yake asubuhi. Delhi hapakuwa na mtu aliyekuwa na mpango wowote. Maofisa walishikwa na fadhaa wasijue hata watangaze nini. Mrithi alikuwa mbali, na adui mkubwa, Hemu, alikuwa bado mashariki, ametoka tu kumshinda mtawala wa Bengal. Kuna wanaotaja afyuni, na ni kweli Humayun alikuwa mtumiaji wa afyuni wa miaka mingi. Huenda ilimlegeza. Lakini ngazi ile na joho lile vyatosha bila afyuni.

Sasa huyo Mturuki. Anaitwa Sidi Ali Reis, na historia yake inapita karibu sana na bahari yetu. Alikuwa amiri wa jeshi la majini la Sultan Suleiman wa Uthmaniya. Mwaka 1554 alitoka Basra na merikebu zake, akapambana na Wareno karibu na Maskati, Wareno wale wale ambao nusu karne nyuma walizichoma Kilwa na Mombasa. Baada ya vita, dhoruba ikamtupa mpaka Gujarat, na merikebu zikaharibika zisiweze kurudi. Akaamua kurudi kwao kwa nchi kavu. Ndivyo alivyojikuta Delhi, akiwa mgeni wa Humayun, ambaye alimng'ang'ania kwa sababu Sidi Ali alikuwa mjuzi wa falaki na mtunzi wa mashairi kwa Kituruki cha Chaghatai, lugha ya nyumbani ya Wamughal. Mfalme alikuwa ndiyo kwanza amempa ruhusa ya kuondoka. Kisha ikatokea ajali.

Sidi Ali anaandika kwamba aliwakuta wakubwa wa ikulu wamechanganyikiwa, akawaambia kwao masultani wakifa habari hufichwa mpaka mrithi afike. Wakalishika shauri lake. Baraza likaitishwa kama kawaida, ikatangazwa kuwa mfalme anajisikia nafuu na anataka kutoka, kisha ikatangazwa kuwa wanajimu wameiona saa si njema, amebaki ndani. Siku chache zikapita hivyo. Watu wakaanza kunong'ona.

Ndipo akapatikana mtu mmoja aitwaye Mulla Bekasi, aliyefanana na marehemu ila kimo chake kilipungua kidogo. Wakamvisha mavazi ya kifalme, wakamfunika uso na macho, wakamkalisha kwenye kiti katika roshani inayoelekea mtoni. Msimamizi wa ikulu akasimama nyuma yake, katibu mkuu mbele yake. Watu waliojaa ukingoni mwa Yamuna wakamwona, ngoma zikapigwa, wakamsujudia kwa furaha. Matabibu wakapewa majoho ya heshima, kana kwamba kweli wamemponya. Hilo la majoho ndilo linalonigusa zaidi. Aliyelipanga aliwajua watu: aliyeshindwa kuuona uso wa mfalme angalau ataona daktari anapita barabarani na zawadi mpya mabegani.

Siri ikakaa kiasi cha siku 17. Sidi Ali mwenyewe akashika njia ya Lahore, na kila alipopita akasema mfalme hajambo.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kwa sababu katika ukoo wa Timur, mtawala mashuhuri wa Asia ya Kati, ambao Wamughal walijihesabu ndani yake, hakukuwa na sheria iliyosema mtoto mkubwa ndiye mrithi. Kila mwanamume wa ukoo alikuwa na haki ya kujaribu. Kiti kilithibitika kwa mambo mawili ambayo msomaji Mwislamu wa pwani hahitaji kuelezwa sana: jina kutajwa katika khutba, na jina kupigwa kwenye sarafu. Mfalme akifa, jina lake linatoka kwenye mimbari, na mpaka jingine liingie mimbari iko wazi. Zile siku 17 ziliulinda uwazi huo. Tarehe 11 Februari 1556 khutba ilisomwa Delhi kwa jina la Jalaluddin Muhammad Akbar, mbele ya Tardi Beg Khan, mkubwa wa maofisa waliokuwapo mjini. Siku tatu baadaye, tarehe 14 Februari, Akbar akakalishwa kwenye jukwaa la matofali bustanini huko Kalanaur, wilaya ya Gurdaspur ya leo, Punjab. Jukwaa hilo bado lipo. Alikuwa na miaka 13 na miezi minne.

Hapa ndipo jibu la swali lako la tatu linapoanza, na ni lazima turudi nyuma.

Babur alipofariki mwaka 1530, Humayun alikuwa mtu mzima wa miaka 22, mwenye uzoefu wa vita, ameteuliwa na baba yake. Kwa vipimo vyote alikuwa mrithi bora kuliko mtoto wa miaka 13. Lakini alikuwa na ndugu watatu wa baba mmoja: Kamran, Askari na Hindal. Babur alimhimiza awatendee wema, naye akashika maneno ya baba yake kwa unyofu ambao wengine wangeuita udhaifu. Kamran akachukua Kabul na Punjab. Humayun alipopigwa na Sher Shah na kurudi mbio, Kamran hakumpokea. Humayun alipokimbilia Uajemi, Askari alimchukua mtoto Akbar, ambaye hata miaka miwili hakuwa nayo, akampeleka Kandahar. Baadaye, Humayun alipoizingira Kabul, inasimuliwa kuwa Kamran alimweka mtoto yule yule juu ya ukuta, mahali mizinga ya baba yake ilipokuwa inalenga.

Hindal aliuawa usiku mwaka 1551 akipigana upande wa Humayun dhidi ya watu wa Kamran. Askari alipelekwa Hijazi. Kamran alikamatwa mwaka 1553. Maofisa wote walitaka auawe, Humayun akakataa kumwaga damu ya ndugu yake, mwisho akakubali apofushwe. Jauhar, mtumishi aliyekuwa akimshikia mfalme birika la maji, alikuwapo, na alichokiandika hakisomeki kwa wepesi: macho yakachomwa kwa kisu cha tabibu mara nyingi, Kamran akavumilia bila kulia, mpaka yalipokamuliwa maji ya limau na kutiwa chumvi, hapo ndipo akamwita Mungu. Naye akaenda zake Makka, akafia huko mwaka 1557.

Kwa hiyo, mwalimu, tazama hali ilivyokuwa Januari 1556. Akbar hakuwa na ami hata mmoja ndani ya India. Ndugu yake wa baba, Muhammad Hakim, alikuwa mtoto mchanga Kabul. Ofisa yeyote aliyetaka kuasi alikosa mwana mfalme wa kumsimamisha mbele kama bendera. Mtu mzima mwenye ndugu watatu alipoteza ufalme ndani ya miaka kumi, na mtoto asiye na mshindani wa damu akaushika. Hilo nalishikilia kuliko sifa zote anazopewa mlezi wake. Machozi ya mwaka 1553 ndiyo yaliyolipia utulivu wa mwaka 1556.

La pili ni mahali mtoto alipokuwa. Mwishoni mwa mwaka 1555 Humayun alimtuma Punjab pamoja na Bairam Khan, Mturukimani aliyemtumikia kwa uaminifu tangu siku za uhamisho, kumfuatia Sikandar Sur, mwana ukoo wa Sher Shah aliyekuwa bado anadai kiti. Kwa hiyo habari ya msiba ilimkuta mrithi akiwa tayari kambini, katikati ya jeshi, na jemadari mkubwa wa dola yuko ubavuni mwake. Angekuwa Delhi, angekuwa mikononi mwa yeyote aliyeshika lango la ngome.

Usidhani mambo yalitulia. Shah Abul Ma'ali, kipenzi cha marehemu, alikataa kuhudhuria mpaka apewe kiti cha heshima alichokuwa akipewa na Humayun. Bairam Khan akamwalika kwa upole, na wakati wa chakula akakamatwa. Kabul, Mirza Sulaiman wa Badakhshan, jamaa wa ukoo, alipopata tu habari za msiba aliuzingira mji, na Munim Khan aliyekuwa akiulinda ikabidi akubali jina la Sulaiman litajwe kwenye khutba ndipo aondoke. Kandahar ikaenda kwa Waajemi mwaka 1558. Na juu ya yote hayo kulikuwa na njaa. Mwanahistoria Badauni, aliyekuwa kijana wakati ule, anaapa kwamba katika nchi ya Agra na Delhi aliona kwa macho yake watu wakila watu.

Lakini aliyekaribia kuimaliza dola ni Hemu. Huyu alikuwa Mhindu mwenye asili ya biashara ndogondogo mjini Rewari, akapanda chini ya watawala Waafghani wa ukoo wa Sur mpaka akawa msimamizi wa soko, kisha waziri mkuu na jemadari wa Adil Shah Sur. Aliposikia Humayun amekufa, akageuza jeshi kuelekea magharibi. Agra ikaachwa bila vita. Tarehe 7 Oktoba 1556, Tughlaqabad, nje kidogo ya Delhi, akamshinda Tardi Beg. Akaingia Delhi na kujitangaza mfalme kwa jina la kale la Vikramaditya. Hata maiti ya Humayun ilibidi ihamishwe, wakaipeleka Sirhind isije ikaangukia mikononi mwa adui.

Hapa ile siri ya siku 17 haikusaidia kitu. Uongo ule uliwazuia maofisa wa ndani wasiparaganyike, ila adui wa nje mwenye jeshi haulizi nani ametajwa kwenye khutba. Wengi walimshauri Akbar arudi Kabul. Bairam Khan akakataa, naye ndiye aliyemwua ndani ya hema Tardi Beg, aliyekimbia vita, wakati mfalme mtoto alipokuwa ametoka kuwinda na mwewe. Wengine walisema aliondoa mshindani wake tu. Naona yote mawili ni kweli: alimchukia, na alihitaji kila ofisa ajue kuwa njia ya kurudi nyuma imefungwa.

Tarehe 5 Novemba 1556 wakakutana Panipat, kaskazini ya Delhi, uwanja ule ule ambako Babur alishinda mwaka 1526. Hemu alikuwa na askari wengi zaidi na mamia ya tembo wa vita, ila mizinga yake alikuwa ameitanguliza, na kikosi cha mbele cha Wamughal chini ya Ali Quli Khan kilikuwa kimeshaiteka. Hata hivyo mbavu zote mbili za jeshi la Kimughal zilirudishwa nyuma. Hemu alikuwa juu ya tembo wake, Hawai, akiongoza mwenyewe, mshale ulipompata jichoni. Akaanguka ndani ya kiti cha tembo, askari wake wasimwone tena, na jeshi lililokuwa linashinda likatawanyika. Tazama vilivyo sawa: Delhi walijua watu wasipomwona mfalme roshanini watavunjika, na Panipat wasipomwona jemadari juu ya tembo walivunjika kweli.

Akbar na Bairam walikuwa nyuma, mwendo wa kilomita kadhaa, wakafika vita vimekwisha. Bairam alimwambia Akbar amkate Hemu kwa mkono wake apate jina la ghazi, yaani shujaa wa vita vya dini. Wanahistoria wa zama hizo wanatofautiana: Abul Fazl anasema kijana alikataa kumpiga mtu aliye mahututi, wengine wanasema alipiga. Hemu aliuawa vyovyote iwavyo, kichwa kikapelekwa Kabul na kiwiliwili Delhi. Abul Fazl aliandika akiwa mtumishi na mpenzi wa Akbar, kwa hiyo hapo wafundishe wanafunzi kusoma kwa tahadhari.

Bairam Khan alitawala kwa niaba ya mfalme mpaka mwaka 1560. Akbar, sasa kijana wa miaka 17, akamwondoa madarakani na kumpa ruhusa ya kwenda Hija. Hakufika: aliuawa Patan, Gujarat, Januari 1561, na Mwafghani mwenye kisasi chake. Mwanawe mdogo, Abdul Rahim, Akbar akamchukua na kumlea ikuluni. Akbar mwenyewe aliendelea kutawala mpaka mwaka 1605.

Ukirudi darasani, mwalimu, usianze na roshani ingawa ndiyo itakayowafurahisha. Chora ramani ubaoni. Weka Delhi, Kalanaur, Kabul, Makka na Bengal, kisha waambie wanafunzi waandike kila mtu alikuwa wapi jioni ya 24 Januari 1556: Akbar, Bairam Khan, Hemu, Kamran, mtoto Hakim. Halafu waulize farasi wa kupeleka habari angemfikia nani kwanza.